Mapambo Chini ya Gunia

Jumapili, 14 Desemba

Leo kanisa zima limesimama na kunipigia makofi. Watu mia mbili! Wazee, akina mama, mpaka padri.

Sawa. Nisidanganye daftari siku ya kwanza. Walisimama kwa sababu wimbo wa kutoka ulikuwa umeanza, na makofi yalikuwa ya wimbo. Lakini mimi nilikuwa mbele, na mengine yalinigusa.

Habari yenyewe ni hii. Panya wameingia kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi kule sakristia. Wamekula nyuzi zote za kumetameta na kuzalia ndani ya nyota. Katekista wetu Titus akatangaza kwamba mwaka huu hakuna kununua. Kila jumuiya italeta mapambo ya kutengeneza kwa mikono, kwa vitu vilivyoko nyumbani. Watakaopamba vizuri zaidi ndio watakaoweka nyota yao juu kabisa ya mti. Mti wenyewe uko tayari: msaiprasi wa futi kumi, umesimama ndani ya debe la mchanga.

Akauliza nani atashughulikia upande wetu. Watu wakaangalia viatu. Basi nikainuka. Kamanthe, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akauliza kama kuna mwingine. Akauliza mara tatu, akiangalia huku na huku kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Hakukuwa na mwingine. Nimechaguliwa!

Jumuiya ya pili imemchagua Mwangangi. Mwangangi! Jirani yangu. Ua wa katani ndio unaotenganisha shamba lake na langu, na jumuiya yake na yetu. Amekuwa karani wa kahawa miaka thelathini. Nyundo anaishika kama kalamu.

Wanza, mke wangu, aliniuliza tukirudi nyumbani kama kuna kitu nimewahi kutengeneza kikasimama. Nikamwambia choo. Akasema choo kimeinama. Nikamwambia kuinama si kuanguka.

Daftari hili ni la hesabu, mjukuu alilisahau. Liko na miraba, kila herufi inapata nyumba yake. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne na nusu. Ile nusu ni asubuhi ambayo mwalimu alinirudisha nyumbani.


Jumatatu, 15 Desemba

Mpango wa kwanza: vizibo vya soda. Nimeokota sitini na nne nyuma ya kibanda cha barabarani. Nimevigonga bapa, nimevitoboa kwa msumari, nimevitunga kwenye kamba ya katani. Nimegonga pia kidole gumba. Kiko na rangi nzuri kuliko vizibo.

Nikatundika kamba kwenye ua, nikaingia ndani kunywa chai. Nikatoka. Mbuzi wa Wanza amekula kamba yote! Vizibo vyote viko chini kwenye matope. Mbuzi ananiangalia, kipande cha katani kimetoka mdomoni kama sigara.

Nilimlalamikia Wanza. Akasema mbuzi hajui Krismasi.

Mpango wa pili: maganda ya mayai. Nilipata sita mazima kabisa, nimeyatoa ute kwa tundu dogo, nikayaweka kwenye kiti ili nisiyasahau.

Niliyasahau. Nilikalia yote sita.


Jumatano, 17 Desemba

Aibu. Titus aliita wapambaji kanisani tuonyeshe tulipofika.

Mimi nilipeleka malaika wanane wa maganda ya mahindi. Kazi ya siku mbili! Titus akamgeuza mmoja, akamgeuza tena, akaniuliza kwa upole kama ni wa kufukuza ndege shambani. Nikamwambia ni malaika. Akasema eeh, sasa anaona, lakini labda tuwaweke upande wa ukutani.

Kisha Mwangangi akafungua mfuko wake. Ngai, Mungu wangu! Mipira kumi na miwili, myekundu, inang'aa mpaka unajiona pua. Akasema ametengeneza mwenyewe, kwa baluni kuukuu, gundi na rangi. Akasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. Nikaushika mmoja. Laini kama shavu la padri. Akaniambia, Mzee Nzomo, taratibu, mkono wako umezoea jembe.

Nimerudi nyumbani nikiwa na joto mpaka masikioni. Nikaketi jikoni. Rangi! Ninataka rangi, na bila kununua. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikaangalia juu.

Juu ya meko, kwenye moshi, kinaning'inia kibuyu cha Wanza.

Lazima nieleze kibuyu hiki. Ndani yake mna mbegu za kunde alizopewa na mama yake siku aliyoolewa. Si kunde za sokoni. Ni nyeupe zenye madoa mekundu, kila moja na madoa yake, kama zimechorwa. Sijawahi kuziona kwa mtu mwingine. Kila mwaka alikuwa anapanda, anavuna, anarudisha nyingine ndani ya jivu. Halafu mvua ikakataa misimu miwili. Zilizopandwa ziliungua zote. Zimebaki hizi za kibuyuni, viganja viwili, nazo ziko huko mwaka wa tatu.

Mwezi wa kumi mvua ilipokuja, Wanza alishusha kibuyu, akakipakata, kisha akakirudisha juu. Nilimuuliza kwa nini hapandi. Akasema kama zimekufa, hataki kujua bado. Nikamwambia ajaribu tano tu. Akasema, na hizo tano zikikataa? Nilienda kuangalia mbuzi.

Na kwetu mbegu ni za mwanamke. Mwanamume anaweza kuuza ng'ombe bila kuuliza mtu, lakini kibuyu cha mbegu hagusi.

Naandika tu. Sijasema nitagusa.


Alhamisi, 18 Desemba

Nimegusa.

Wanza alienda kwenye mkutano wa akina mama. Nilipanda juu ya kinu, nikashusha kibuyu, nikamimina mbegu kwenye kofia yangu. Kisha nikajaza kokoto ndogo na jivu, nikatikisa. Mlio uleule! Hata mama yake mzazi angedanganyika.

Si wizi. Nimeazima. Krismasi ikiisha nitazibandua moja moja, nitazipangusa, nitazirudisha kwenye jivu. Hata zenyewe hazitajua zilitembea.

Kazi yenyewe: udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata. Magazeti ya zamani yaliyolowekwa. Uji mzito wa unga wa mahindi. Unakanda pamoja, unafinyanga mpira wa ukubwa wa chungwa, unabandika mbegu kwa mistari. Nimetengeneza mipira kumi, na nyota moja kubwa ya fito, nimeikandika udongo na kujaza kunde kila pembe. Nzuri! Madoa mekundu juu ya udongo mwekundu, na nyeupe inatoa macho. Nilikaa nikaiangalia mpaka jivu la meko likapoa.

Hapa ndipo ujuzi wa mtu unaonekana. Mjinga angeanika juani, udongo upasuke. Lakini mimi nilifanya kazi ya mjengo kule Lukenya miaka sita, nikichanganya saruji. Saruji haianikwi. Unaifunika gunia, unaimwagia maji asubuhi na jioni siku tatu, inakaza polepole, inakuwa jiwe. Kila fundi anajua hivyo. Mwangangi hajui.

Nimeficha mipira na nyota kwenye banda la kuku la zamani, chini ya gunia. Nimemwagia mkebe mmoja wa maji.


Ijumaa, 19 Desemba

Maji asubuhi. Maji jioni. Wanza aliniuliza napeleka maji wapi. Nikasema nanawa miguu. Akasema miaka arobaini na tano ameomba ninawe miguu, na leo nimeanza mwenyewe, labda ninakaribia kufa.


Jumamosi, 20 Desemba

Maji asubuhi, kisha nikaenda Machakos mjini kutafuta uzi wa kutundikia.

Nina rafiki huko karibu na soko, Mishi, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Anauza kila kitu: utepe, maua ya plastiki, ndoo, uzi wa magunia. Mimi naye hutaniana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Leo akaniona tu mlangoni akasema, babu we, umekuja kununua au kuniharibia siku? Nikamwambia nimekuja kuomba. Akacheka, akanikatia uzi mrefu bure, akaniongezea karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za chai.

Nikaangalia rafu yake. Nikaweka uzi chini.

Mipira myekundu! Imepangwa kwenye kisanduku, kumi na miwili. Inang'aa mpaka unajiona pua.

Nikauliza pole pole kama inauzika. Mishi akasema mwenzangu mmoja kutoka kwetu alichukua kisanduku kizima Jumanne, mzee mrefu mwenye kofia ya karani. Ati aliomba na wembe! Aliketi hapo hapo kwenye kigoda akikwangua karatasi za bei, mmoja mmoja, mpaka chai aliyompa ikapoa. Mishi akamuuliza, kaka, hii ni zawadi ya mchumba? Akazidi kukwangua.

Baluni kuukuu! Gundi na rangi!

Sijawahi kuupenda mji wa Machakos kama leo. Nimerudi nikiimba. Sijui nitaitumiaje habari hii, lakini ninayo, kama mtu mwenye ndizi mfukoni.

Maji jioni.


Jumapili, 21 Desemba

Ushindi!

Nilitoa mipira alfajiri, bandani kukiwa bado na giza kidogo. Imekaza, lakini si jiwe kabisa. Mbegu zimenenepa, zimetoa vijialama vyeupe kama chaki. Nikajua ni uji umetoka nje. Inapendeza zaidi.

Baada ya Misa tulipamba. Mipira yangu ni mizito, matawi yameinama, msaiprasi umekaa kama mama aliyebeba maji. Lakini watu walisogea. Kamanthe alishangaa kwa sauti, akanipiga bega. Mipira ya Mwangangi inang'aa, ndiyo, lakini padri alishika yangu, akainusa, akasema hii inanuka shamba.

Kisha Titus akauliza nyota ziko wapi. Mimi nikainua yangu. Mwangangi akaangalia chini ya mfuko wake, akaangalia tena. Hakuwa na nyota! Kwa Mishi hakukuwa na nyota, nilijua. Basi nyota yangu ya kunde imepanda juu kabisa, na Mwangangi ndiye aliyeshika ngazi.

Wanza hakusogea karibu. Huketi nyuma mlangoni kwa sababu ya hewa, na miwani yake imevunjika mkono mmoja. Aliniuliza mbegu zile ni gani. Nikasema maharagwe.

Mvua ilianza tukiwa njiani. Titus alisema bati la pale mbele linavuja kidogo, juu ya mti, lakini si neno.


Jumatatu, 22 Desemba

Mvua mchana kutwa. Na mimi nimekwisha.

Binti yetu Kavindu, aliyeolewa kule Ndithini, amepiga simu. Anakuja Krismasi. Furaha! Mpaka Wanza alipofunga simu, akaniambia ameamua. Siku ya Krismasi, chakula kikiisha, atashusha kibuyu mbele ya Kavindu. Nusu ya mbegu atampa, nusu atabaki nayo, na watapanda kila mtu kwake. Zikiota, zimeota. Zikikataa, basi watakuwa wameona pamoja, yeye na binti yake, na hatalia peke yake.

Alisema hivyo akipepeta mahindi, bila kuniangalia.

Nikaona zile kokoto. Nikaona Wanza anamimina kokoto mbele ya Kavindu.

Nilikula nusu sahani. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni miguu, nimeizidisha kunawa.


Jumanne, 23 Desemba

Mpango: kuingia kanisani mchana, kubandua mbegu zote, kuweka maharagwe mahali pake. Nilibeba maharagwe mfukoni, kisu kidogo na uji kwenye chupa.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia taratibu. Na nani yuko mbele, juu ya kiti, mgongo kwangu? Mwangangi! Na wembe!

Tuliangaliana. Mpira mmoja ulikuwa umebaki na karatasi ya bei, ameuona Jumapili na hajalala tangu siku hiyo. Aliniuliza mimi nimekuja kufanya nini na kisu. Nikamwambia nilikuwa kwa Mishi Jumamosi, anakusalimu. Alikaa chini kwenye kile kiti kama gunia lililofunguliwa.

Akaniomba. Mimi! Akaniita kaka. Mke wake anaimba kwaya, wajukuu wake wamewaambia watoto wote kwamba babu ni fundi. Nikamwambia nyamaza, shika ngazi. Akashika.

Nikapanda mpaka kwenye nyota. Nikanyoosha kisu.

Imeota.

Yote! Kila mbegu imetoa shina, nene kama njiti ya kiberiti, limejikunja na kuinua kichwa. Maji ya bati yanadondoka hapo hapo, tone, tone. Nikaangalia mipira. Imeota! Nimelima miaka sitini. Nimefunika mbegu kwenye udongo, nimezifunika gunia, nimezimwagia maji asubuhi na jioni, siku tatu, na sikujua nafanya nini! Hata mbuzi angejua!

Nikashika ngazi kwa mikono yote miwili. Mwangangi akauliza kuna nini huko juu. Nikasema shamba.

Mbegu iliyoota haibanduliki. Ukiing'oa inakufa, na hata ukiirudisha kibuyuni inaoza. Nilishuka.

Hapo Titus akaingia na funguo. Akauliza wazee wawili wanafanya nini na ngazi. Mwangangi akasema haraka tunasali. Titus akaangalia kisu, akaangalia wembe. Akasema tusali nje, na akafunga kanisa. Hakuna mtu kugusa mti mpaka Krismasi.


Jumatano, 24 Desemba

Nimeenda kuungama. Foleni ndefu, wote wenye dhambi za mwaka mzima. Yangu ilikuwa ya Alhamisi.

Padri alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia kama anakohoa, lakini nadhani alikuwa anacheka. Akaniambia Mungu nimemaliza naye, sasa nimwambie mke wangu.

Nikauliza kama hakuna malipizi mengine, hata rozari tano, hata kumi. Akasema hapana.

Nimemfuata Wanza mchana kutwa. Kisimani. Jikoni. Kwenye ua. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara ya kwanza nikamwambia choo kweli kimeinama. Mara ya pili nikamwambia yeye ni mke mzuri, akaniwekea mkono kwenye paji kupima homa. Mara ya tatu Kavindu alikuwa amefika na mifuko, wanakumbatiana, Wanza anamwonyesha kibuyu kwa kidole, na Kavindu anasema, mwaitu, mama yangu, kweli umekubali?

Nikaenda kumwambia mbuzi. Alinisikiliza akitafuna.


Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Naandika mkono ukiwa umetulia. Niandike kwa utaratibu.

Tuliingia kanisani. Watu waliokuwa mbele walikuwa wamesimama, wengine wanaelekeza vidole. Mti ulikuwa umeota! Si msaiprasi tena. Kila mpira umevaa kijani kibichi, vijani viwili viwili vimefunguka kama viganja. Juu kabisa nyota yote ni majani, imekuwa nene, inatetemeka kila tone la bati likianguka. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama Yesu analima. Mipira myekundu ya Mwangangi iliangaza katikati kama nyanya zilizoiva. Ukweli lazima usemwe: pamoja ilipendeza.

Mimi nilitafuta mlango. Mbele yangu kulikuwa na kwaya, nyuma yangu Kamanthe na mwili wake mzuri. Nikabaki.

Wakati wa komunyo watu wote hupita mbele, na mti uko hapo hapo. Nikamwona Wanza kwenye mstari, miwani ameishika kwa kidole. Kavindu nyuma yake. Akapokea. Akageuka. Akasimama.

Mpira mmoja ulikuwa mbele ya uso wake. Na kwenye ncha ya jani moja lilikuwa limebaki ganda la mbegu, kama kofia. Jeupe, na madoa mekundu.

Mstari wote ukasimama nyuma yake. Padri akasimama na kikombe. Wanza akanyoosha kidole, akagusa lile ganda. Likaanguka kiganjani kwake. Akaliangalia. Akaangalia mpira wa pili, na wa tatu, na juu mpaka kwenye nyota.

Nilifumba macho. Nilisubiri jina langu.

Nikasikia anamwambia Kavindu, si kwa sauti kubwa, lakini kanisa lilikuwa kimya. Akasema, ziko hai.

Akasema tena. Ziko hai, za mama ziko hai, ona. Na akalia hapo mbele ya watu wote, na Kavindu akamshika, akalia pia, na wote wawili walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe kitu kiliingia jichoni, nadhani ni ubani.

Kisha akageuka. Alinipata mara moja, kati ya watu mia mbili. Akaniangalia vile mtu anaangalia choo kilichoinama. Kisha akapita, akaenda kuketi.

Aliongea nje. Kwanza aliuliza: Baba Kavindu, kibuyuni mna nini? Nikasema kokoto. Akauliza basi yale maji ya miguu yalikuwa ya nini. Nikaeleza gunia na saruji ya Lukenya. Alijaribu kukasirika, naapa alijaribu, alikunja uso kabisa. Halafu Kavindu akapasuka kwa kicheko, na Wanza naye akashika ukuta wa kanisa, akacheka mpaka leso ikaanguka. Akasema miaka mitatu ameogopa kulowesha mbegu tano. Na mimi nimelowesha zote bila hata kufikiria.

Nimekaa kwenye jiwe pale nje, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Sijavuta pumzi namna hiyo tangu Jumatatu.

Nisisahau Mwangangi. Titus alimwita mbele ya watu, akamwomba awafundishe vijana namna ya kutengeneza mipira ya kung'aa. Mwangangi akawa na rangi ya jivu. Akaanza kupapasa mifuko. Nilikuwa na ile ndizi mfukoni, na ilikuwa imeiva. Lakini moyo wangu ulikuwa mwepesi, sikutaka kuona mzee mwingine akinaswa. Nikapaza sauti, nikasema baluni za namna ile hazitengenezwi tena, mwenzetu alimaliza za mwisho. Titus akasikitika. Mwangangi akaniangalia kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani.


Ijumaa, 26 Desemba

Tumeshusha mipira yote. Wanza amekataa mbegu zibanduliwe, mipira inazikwa mizima, udongo na magazeti na kila kitu. Sita nyuma ya jikoni kwetu, na nyota katikati. Minne Kavindu amepakata kwenye kiondo mpaka Ndithini, hakutaka hata boda boda aende haraka.

Wanza alihesabu alipomaliza. Mbegu tatu tu ndizo zimekataa.

Hukumu yangu: kumwagia maji, asubuhi na jioni, mpaka zitakapotoa maganda, kwa mkebe uleule. Na kibuyu kimehamia juu zaidi, na kinu kimefungwa stoo.

Namwagia. Si kazi mbaya. Wanza alikuja kusimama hapo na kikombe cha chai, akaangalia. Jioni alininyooshea na mimi kikombe.


Jumapili, 28 Desemba

Nimejifunza! Kuanzia leo sigusi kitu cha Wanza bila kuuliza. Nimeandika, na nimepiga mstari chini yake.

Habari nyingine. Tarehe kumi Januari kuna harusi kanisani kwetu, na Kamanthe alisema, mbele ya watu, kwamba mzee Nzomo ana mkono wa mapambo. Hakusema nipambe. Lakini mtu akisema hivyo, anamaanisha nini? Nimekwisha kubali.

Harusi inataka nyeupe. Nimefikiria pamba, ni ghali. Maua ya plastiki, Mishi hawezi kutoa bure mara mbili. Nikatoka nje kufikiri, na mbele yangu akapita jogoo mweupe wa Wanza, yule anayemlea kwa ajili ya Pasaka. Mkia! Ngai, mkia ule! Manyoya marefu, yamejipinda, yanameta. Si kumchinja. Ni kuazima manyoya kumi na mawili tu, kumi na matano. Yataota tena. Siku hizi najua vitu huota.

Shida ni kwamba ana nguvu na hunichukia. Kwa hiyo ukurasa huu nitauchana, niupitishe kwenye ua wa katani:

Mwangangi kaka yangu. Salamu nyingi. Mipira yako bado inang'aa, na mdomo wangu bado umefungwa. Sikudai kitu kikubwa. Jumamosi Wanza anaenda sokoni saa tatu. Njoo, unishikie jogoo dakika tano.